Maharage Yaliyolala Majini

Siku ile tulikuwa sita mezani. Direkta wa chuo alikaa kwenye kiti chenye mikono. Pembeni yake alikaa profesa wa biolojia, aliyekuwa amemwoa dada mdogo wa direkta, kwa hiyo hao wawili walikuwa mashemeji na walipanda gari moja kuja kazini, mpaka gari lilipokufa. Mbele yao alikaa mama mzungu wa wafadhili, asiye na undugu na yeyote kati yetu. Alikuwa ametua uwanja wa ndege wa Kamembe asubuhi na viatu vyake bado vilikuwa visafi. Halafu delegee wa wanafunzi, mwakilishi wao, msichana wa mwaka wa pili. Jenosidi, yale mauaji ya kimbari, ilimchukulia baba, mama na kaka zake wote, na likizo zikifika alibaki chuoni kwa sababu hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Halafu mpishi mwenzangu, mjane, mzaliwa wa kilima hikihiki. Nilimsimamia mtoto wake wa mwisho ubatizo, na kati ya nyumba yake na yangu kulikuwa na mistari miwili ya migomba tu. Wa sita nilikuwa mimi, mpishi mkuu.

Majina yao ninayo. Ninayo hata ya wanafunzi wa miaka ile, benchi kwa benchi, na nani alipenda mchuzi mwingi na nani alificha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mfukoni ale baadaye. Nyumbani wananicheka kwamba herufi zinanipotea lakini watu hawanipotei. Humu sitaandika jina hata moja. Jina la mtu likishalazwa karibu na neno sumu, hakuna sabuni inayolitoa. Hilo sikuambiwa na mtu.

Ninaandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomeshwa, darasa tatu tu, Bukavu. Mama alivuka mto Rusizi nikiwa mgongoni mwake, wakati wa fujo za kwanza, na huko ng'ambo ndiko nilikokulia, nikaolewa, nikazaa mabinti wawili, nikafiwa na mume. Vita vilipokwisha huku nikarudi nchi ambayo sikuwa ninaikumbuka. Nilirudi na mabinti na sufuria moja kubwa. Ile sufuria ndiyo iliyonipa kazi. Chuo cha ualimu kilikuwa kinafunguliwa upya, madirisha bila vioo, milango ilishachomwa yote, na direkta alikuwa anatafuta mwanamke anayejua kupikia umati. Aliniuliza, "Maman, ulishapikia bantu wengi?" Nikamwambia nimepika misiba ya Bukavu. Akasema basi kazi ni yako.

Kilima cha chuo kilikuwa kama kichwa kilichonyolewa msiba. Zamani, walisema, palikuwa na mikaratusi mpaka chini ziwani. Watu waliokuwa wanakimbilia Kongo walikaa pale chini ya mahema, wakakata miti wapate kupika. Walipovuka wakaja askari, nao wakapika. Halafu tukaja sisi. Nisiseme ni fulani na fulani, sote tulikula miti ile. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu ulishuka mpaka mlango wa jiko, na kila jioni tulikuwa tunauzoa kwa jembe. Kuni zetu zilitoka mbali, upande wa mashamba ya chai, kwa lori, na kila mara dereva alikuja na uso mgumu zaidi, maana msitu ulikuwa umeanza kulindwa na njiani walimsimamisha.

Basi yule mama mzungu alikuja na neno. Kulikuwa na fedha za majiko yaliyofungwa, yale yanayoitwa rondereza, yanayokula kuni kidogo. Kulikuwa na miche ya kufunika kilima kizima, na tangi la maji ya mvua. Lakini vyuo viwili vilikuwa vinaomba, chetu na kingine cha mbali, na kimoja tu ndicho kingepata. Alitaka tuonyeshe kwanza kwa mikono yetu wenyewe. Lori lingeleta kuni za muhula mzima mara moja tu. Yeye angechora mstari wa chokaa ukutani, pale rundo linapofika, na muhula ukiisha angerudi kuangalia rundo limeshuka mpaka wapi.

Direkta akanigeukia. "Maman, wewe njo unajua jiko. Tunaweza kupunguza?"

Nikasema, "Maharage yalale kwenye maji."

Profesa akatabasamu. Mpishi mwenzangu akanipiga kiwiko: "Sisi hapa hatulazi maharage. Maharage siyo mugeni."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Yeye alikua kwenye kilima chenye miti, ambako walibandika maharage makavu asubuhi na kusahau, moto ulikuwa wa bure. Sisi Bukavu tulinunua makaa kwa kopo. Asiyeloweka hakula. Maharage yakilala majini mpaka asubuhi, kuni zinabaki nusu. Nilisema hivyo, na profesa akaacha kutabasamu, akafungua daftari, akaandika.

Ndipo delegee akauliza, kwa sauti ndogo, akiangalia meza: "Maman, na nani atalala nayo?"

Mama mzungu akauliza kwa Kifaransa msichana amesema nini. Hakuna aliyemtafsiria.

Ngojeni nieleze kwa ajili ya waliozaliwa juzi. Kwenye benchi za chuo kile walikaa pamoja watoto wa waliouawa na watoto ambao baba zao walikuwa gerezani, na waliorudi kutoka kwenye kambi za Kongo, na sisi wa Bukavu, na wale wa Burundi. Walikaa bega kwa bega na walisalimiana. Lakini kila mmoja alifunika kikombe chake kwa mkono. Mtu akitoka nje kidogo, akirudi kinywaji chake hakigusi tena, anakimwaga. Sumu ya kwetu Kivu tunaiita karuho, na neno hilo lilikuwa limevuka daraja la mpakani pamoja na sisi. Ndiyo maana desturi ya kale ilikuwa imepata nguvu upya: anayekukaribisha anaonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Sasa sufuria za maharage, ziko wazi na maji yake, usiku mzima, bila mtu? Nani angekula?

Nikasema, "Nitalala nayo mimi, na ufunguo shingoni. Na mchana nitakula wa kwanza, mbele yenu wote."

Delegee akainua macho, akasema, "Sawa, Maman." Kwa lile "sawa" la mtoto yule proje, ule mradi wetu, ikaanza.

Nikaweka mkeka wangu katika chumba cha sufuria. Asubuhi ninamwaga maji ya kwanza, ninasuuza, ninaweka mapya, ninabandika. Saa sita ninasimama mlangoni mwa chumba cha kulia na sahani yangu. Ninachota kutoka kila sufuria, kijiko kimoja kimoja, ninakula, ninasubiri kidogo. Mwanzoni walinitazama kama wanavyotazama daktari anayesoma karatasi. Baadaye ikawa mchezo.

"Maman bado anasimama?"

"Bado!"

"Muhesabu mpaka kumi!"

"Maman, fumba macho kidogo tuone!"

Siku nyingine nilijifanya ninayumba, nikashika mlango, na benchi zote zikapiga kelele. Mmoja akaita, "Akianguka mimi ninachukua sahani yake!" Mwenzake akamjibu, "Pumbafu, sahani yake njo iko na sumu!" Na walicheka, wa huku na wa kule, kwa pamoja. Direkta alisimama kwenye baraza akaniambia kwamba tangu chuo kifunguliwe hakuwa amesikia kicheko cha namna ile. Waliniita Maman Proje. Sitawadanganya, nililipenda jina hilo. Nilikuwa sijawahi kuitwa kwa kitu nilichokianzisha mimi. Watu walikula kutoka mkononi mwangu bila kufunika vikombe, na mkono wa mwanamke unataka nini zaidi?

Rundo la kuni halikushuka sana. Profesa alikuja kila siku na kijiti chake, anapima kutoka mstari wa chokaa mpaka juu ya kuni, anaandika. Komite ya mazingira ilipoundwa yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake, na hilo nililiona sawa, yeye alisoma. Barua kwa wafadhili aliandika yeye.

Katikati ya muhula ikaja habari kwamba kile chuo kingine kinafanya vizuri kuliko sisi. Habari ya kweli au ya uongo, sijui. Kesho yake profesa aliingia jikoni wakati ninamwaga maji.

"Maman, haya maji munayamwaga kila asubuhi?"

"Ndiyo, Profesa. Yaliyolaza maharage."

"Bantu wanayapandisha kwa bido, kichwani, kutoka chemchemi, kwenye hiki kilima, halafu wewe unayamwaga. Sisi ni komite ya mazingira. Mupike nayo."

"Hapana. Maji ya kwanza ni ya maharage yenyewe, siyo ya muntu."

"Nani alisema?"

"Mama yangu."

"Na mama yako alitoa sababu gani?"

Nikafungua mdomo. Sababu sikuwa nayo. Nilikuwa na mama tu, na mama alishakufa.

Akalainisha sauti. Alikuwa mpole yule bwana, sitamsingizia ukali. Akatoa kijitabu chenye picha. Akasema kuna njia ya kupunguza hata zaidi. Sufuria zikianza kuchemka, kuni zitolewe, zizimwe kwa mchanga, halafu sufuria zifunikwe kwa majani ya migomba na mablanketi. Moto ulio ndani ya sufuria utamaliza kazi peke yake. Mpishi mwenzangu akachungulia picha, akasema, "Maharage hayaivi kwa blanketi. Haya siyo batoto."

Profesa akacheka, akaniangalia mimi. "Maman Proje, unasema nini?"

Mpishi mkuu nilikuwa mimi. Ningesema hapana, direkta angenisikiliza, siku zile alikuwa ananisikiliza. Nikasema, "Tujaribu."

Ikaenda wiki kadhaa bila shida. Tulikuwa tunapika maharage madogo ya njano yanayotoka ng'ambo, laini, yanaiva hata ukiyaangalia kwa jicho kali. Lakini ng'ambo vita vilikuwa vimeanza upya. Tulisikia mizinga upande wa Bukavu, madirisha yetu mapya yalitetemeka, na daraja likafungwa. Dada yangu alikuwa kule. Maharage ya njano yakakoma sokoni. Chuo kikaleta kutoka stoo mengine, mekundu, makubwa, ya siku nyingi, ngozi kama kiatu. Nikayalaza. Asubuhi nikayapika na maji yaleyale, kama nilivyoambiwa. Yalipochemka tukatoa kuni, tukafunika. Saa sita nikasimama mlangoni.

Hapa niandike polepole. Nilichota. Nikatia mdomoni. Chini ya jino nikasikia ugumu.

Mchuzi ulikuwa mzuri, chumvi ilikuwa sawa, lakini punje ilikataa. Nilijua. Mpishi wa miaka yote ile asijue? Mbele yangu benchi zimejaa, watoto wana njaa, delegee ananitazama na tabasamu limeanza, na nyuma yangu profesa na kijiti chake. Nikameza. Kijiko cha kwanza, cha pili, sufuria zilikuwa tatu lakini ya tatu nadhani sikuichota.

"Maman bado anasimama?"

"Bado!"

Wakala.

Kabla somo la kwanza la mchana halijaisha wakaanza kutoka madarasani, mmoja mmoja, halafu kwa vikundi, wameshika kuta. Walitapika uani, walitapika kwenye ule udongo mwekundu tuliokuwa tunauzoa. Wengine walilia wakiita mama, na walioita mama wengi wao hawakuwa naye. Nilikimbia na maji, na vitambaa. Msichana mmoja nikamshika kichwa, akautoa mkono wangu. Nilidhani ni maumivu.

Mimi sikuugua. Nilikuwa nimekula vijiko, wao walikula sahani.

Mpishi mwenzangu alinivuta jikoni. Alikuwa ameopoa punje moja iliyobaki chini ya sufuria, akaikata kwa ukucha. Ndani ilikuwa nyeupe na ngumu kama chaki. "Unaona?" akasema. Profesa alikuwa amesimama mlangoni. Akaichukua, akaiangalia kwenye mwanga, akaigeuza. Uso wake ukabadilika, na nikajua kwamba yeye ile sababu ambayo mama hakuniachia, alikuwa nayo mahali fulani, katika kitabu fulani alichosoma zamani, na sasa ilikuwa imemrudia. Akaitia punje katika mfuko wa shati, akatoka.

Hakuna aliyekufa. Kesho yake walikuwa wamekaa vitandani, wanakunywa maji ya chumvi na sukari. Hata hilo la kutokufa lilipata maelezo: dozi ya sumu ilikuwa ndogo, Maman alikuwa anajaribu tu. Maneno yalipita kutoka bweni hadi bweni na mimi ninapita nayo, wakiniona wananyamaza, nikishapita wanaendelea, na masikio yangu siku zile yalikuwa mazuri.

"Alikula mbele yetu, na hakuugua."

"Alikunywa dawa yake kwanza."

"Si analala nayo peke yake na ufunguo shingoni? Nani mwingine?"

"Bantu ba Bukavu, banazaliwa na karuho mu mukono."

Mnaona? Kile kilichowafanya wakubali kula kilikuwa ndicho kilichonishitaki. Kama ningeugua, ningekuwa msafi. Kama nisingeonja kabisa, wangesema chakula kiliharibika. Lakini nilionja, na nilisimama.

Delegee alikuja dirishani kwangu, bado dhaifu, shuka begani. Hakuingia.

"Maman, niambie tu. Mi sitasema kwa muntu. Ulikula upande gani wa sufuria?"

"Mwanangu, nilikula kijiko tu. Maharage hayakuiva. Ni hilo peke yake."

"Hayakuiva," akasema. "Wewe njo mupishi. Hukujua?"

Nilitakiwa kusema nilijua. Ningesema, "Nilijua, nikameza, nisamehe," labda yule msichana angeniamini, maana kosa la kweli linasikika tofauti na uongo. Nilisema, "Sikujua." Akanitazama muda mrefu, akaona ninadanganya, na akaondoka na jibu ambalo halikuwa langu.

Nikaenda kwa direkta. Profesa alikuwa hapo, kwenye kiti cha pembeni. Niliomba jambo moja. Simameni mbele ya wanafunzi, mmoja wenu, mseme sentensi moja: maharage hayakuiva. Basi.

Direkta alimwangalia shemeji yake, halafu akaniangalia mimi. "Maman, yule mama anakuja wiki ijayo. Tukisema kwamba ile njia ya kupunguza kuni iliwagonjesha batoto, proje imekufa. Kile chuo kingine kitachukua. Kilima kitabaki uchi."

"Na mimi?"

"Wewe, nani amekushitaki? Hakuna barua, hakuna polisi. Ni maneno ya batoto. Yatapita."

"Mzee, banasema niliwapa sumu."

"Yatapita."

Profesa aliongea akiangalia sakafu. "Maman," alisema, "fikiria miti."

Niliifikiria. Mpaka leo ninaifikiria. Nilimwambia, "Profesa, ile punje uko nayo bado?" Direkta akasema nipumzike nyumbani kidogo, wiki mbili hivi, mpaka wageni wapite, halafu watanitumia mtu aniite. Nikavua ufunguo shingoni nikauweka mezani.

Habari za siku ya wageni niliambiwa na mpishi mwenzangu. Waliweka kitambaa mezani. Wanafunzi walipikiwa wali, hakuna aliyetaka kusikia maharage. Rundo la kuni lilikuwa karibu na mstari wa chokaa, kwa kweli lilikuwa halijashuka sana, kila mtu alilistaajabia, na profesa alieleza kwa mkono hivi na hivi. Mama mzungu aliuliza, "Yuko wapi yule Maman anayeonja?" Direkta akasema, "Amekwenda Bukavu kumwona dada yake."

Wiki ile hata paka hakuvuka daraja. Na dada yangu, nilikuja kusikia baadaye sana, alikuwa ameshazikwa, na waliomzika hawakuwa ndugu zake.

Chuo kikapata. Majiko yakajengwa, ya matofali, na bomba la moshi. Tangi likaja. Miche ikaja kwa malori, grevilea na mingine, wanafunzi wakapanda kilima chote, wiki nzima, wakiimba, na mimi niliwasikia kutoka nyumbani. Profesa alitumwa mji mkuu kujifunza zaidi, na aliporudi akapewa kusimamia proje kama hiyo katika shule nyingine nyingi. Mtu niliyesubiri atumwe kuniita hakutumwa.

Kitu kimoja kinaniuma kuliko miti. Mpishi mwenzangu alichukua nafasi yangu, sikumnunia, ana watoto. Aliniambia kwamba kwenye ukuta wa jiko jipya wamepaka maandishi makubwa, ya rangi ya buluu. Laza maharage majini. Mwaga maji ya kwanza. Chemsha kwa moto mkali mpaka yaive, ndipo ufunike. Chini yake: Komite ya Mazingira. Kwa hiyo alisoma mpaka mwisho wa kitabu. Alijua sababu, kwamba maharage mekundu yasipochemka mpaka ndani yanatapisha yenyewe, akaifanya sheria, akaipaka ukutani ili isimdhuru mtoto mwingine, na hilo ni jema, siwezi kusema si jema. Nilimwuliza mwenzangu, "Wewe uliiona ile punje. Uliwaambia?" Akasema, "Nani ataniamini, mimi uliyenisimamia mtoto ubatizo?" Alikuwa anakula sukari-guru wakati huo, ameitoa kwake, kwenye kikunjo cha kitenge. Nilikuwa nimemwekea sahani. Hakuigusa. Akasema, "Nimeshiba, mama."

Tangu hapo wote wameshiba. Majirani wanakuja kunisalimia, hawanitukani, hapana, wananiheshimu kwa umri wangu, wananiletea hata viazi. Lakini nikifunua sufuria kila mmoja ametoka kula sasa hivi. Binti yangu wa kwanza alipoolewa, wakwe waliomba kwa adabu kwamba mama wa bibi harusi asijichoshe na jiko, akae kwenye viti vya mbele. Nikakaa mbele, na kitenge kipya, mikono mapajani, upawa mikononi mwa mwanamke nisiyemjua. Watu waliniambia nimependeza.

Na profesa alikuja. Mara moja, baada ya miaka mingi, mvi zimemwingia, na gari lenye maandishi ya wafadhili mlangoni. Alikuwa anapita kuelekea Bugarama kukagua proje. Aliingia nyumbani, akakaa, akauliza habari za mabinti zangu kwa majina yao, hakusahau. Alisema, "Maman, ile miti umeiona?" Nikasema ninaiona kila siku, inanikinga jua la jioni. Akasema, "Ilianza na wewe. Mi ninajua." Nilidhani sasa atasema habari ya ile punje. Nikaenda jikoni, nikapakua. Yalikuwa maharage, na ndizi. Nikaja na sahani mbili, nikakaa mbele yake, nikaonja kutoka sahani yake kwanza, kama desturi, polepole, aone.

Nje dereva wake alikuwa anatuangalia kupitia mlango, mtu wa hapa, anayejua hadithi.

Profesa aliiangalia sahani. Aliiangalia kweli, hata akanyoosha mkono, akashika kijiko. Halafu akamwangalia dereva, akakiweka chini. "Maman," akasema, "nimeshiba."

Yeye. Aliyeitia punje mfukoni.

Nilikula sahani zote mbili, yake na yangu, mpaka mwisho, na yeye ameketi ananitazama. Halafu nikamsindikiza mpaka garini.

Sasa, ninyi mliokuwa kwenye zile benchi. Wengi mmekuwa walimu, wengine mna wajukuu, na najua baadhi yenu mnasoma. Inawezekana nimechanganya. Labda daraja lilifungwa baada ya ugonjwa, siyo kabla. Labda delegee aliuliza lile swali la upande wa sufuria siku ya baadaye na mimi nimeliweka mapema. Labda profesa alisema neno la kunitetea mahali ambapo sikuwepo; kama alisema, ninataka sana kujua, na nitaliandika hapa kwa mkono wangu. Na ile sufuria ya tatu: kama kuna aliyenihesabia siku ile, aliyeona nilichota au sikuchota, anirekebishe. Mlikuwa mnanihesabu kila siku kwa sauti. Lazima kuna mmoja aliyeona.